Mchango si Hisa

Watu wa Njombe hawahitaji kufundishwa maana ya kulipia kitu ambacho bado hakijakomaa. Kwa miaka mingi sasa, katika vijiji vinavyouzunguka mji huo na katika njia yote iendayo Makambako, mashamba ya misindano yamekuwa yakiuzwa miti ikiwa bado michanga. Mwenye shamba ana shida ya fedha leo, pengine ada ya mtoto au matibabu. Mnunuzi, ambaye mara nyingi hukaa mbali, hutoa fedha leo akitumaini mbao za miaka kumi au kumi na mitano ijayo. Wote wawili wanajua kwamba katikati hapo kuna moto, na moto wa kiangazi hauulizi shamba ni la nani. Kwa sababu hiyo mnunuzi mwenye busara huiona mipaka kwa macho yake, hulipa mbele ya mashahidi, na karatasi huandikwa katika ofisi ya kijiji.

Tumeanza na misindano kwa sababu leo tunataka kuzungumzia jambo ambalo wasomaji wetu wengine wataliona kuwa ni la watoto. Jambo lenyewe ni michezo ya kompyuta, ile ambayo vijana huiita gemu, na fedha ambazo watu hutoa ili michezo hiyo ipate kutengenezwa. Biashara hii hufuata mantiki ileile ya shamba la miti michanga. Tofauti ni kwamba mnunuzi haoni mipaka, na ofisi ya kijiji haipo.

Katika miji yetu, na Makambako si ya mwisho kati ya hiyo, vipo vibanda ambamo vijana hulipa fedha kidogo kwa kila mchezo wa mpira wanaoucheza kwenye runinga. Wazazi wamekwisha kuvilalamikia vya kutosha nasi hatuna haja ya kuongeza. Linalotushughulisha ni kwamba karibu kila mchezo unaochezwa humo umetengenezwa mbali, kwa lugha ya mbali, juu ya viwanja na miji ya mbali. Wakati huohuo zana za kutengenezea michezo zimekuwa rahisi kupatikana kuliko zilivyopata kuwa. Programu kama Godot ya kuundia mchezo na Blender ya kuchorea hutolewa bure kwa yeyote mwenye kompyuta na intaneti. Kijana mwenye bidii aweza kujifunza bila ya kuomba ruhusa ya mtu. Asichokuwa nacho ni chakula cha miaka miwili atakayoitumia kuukamilisha mchezo wake.

Miaka miwili au mitatu ni muda ambao mkulima wa parachichi anaufahamu, kwani ndio muda wa kusubiri mche uliopandikizwa uanze kuzaa. Lakini mkulima wa parachichi hupanda viazi pembeni, akala na kuuza wakati anasubiri. Mtengeneza mchezo hana cha kupanda pembeni. Akienda benki ataulizwa dhamana. Akienda halmashauri ataikuta mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani, ambayo vijana wana sehemu ya asilimia nne, na tunafurahi kwamba mikopo hiyo ilirejeshwa mwaka 2024 baada ya kusimamishwa mwezi Aprili 2023. Hata hivyo mkopo ni mkopo. Marejesho yake yanamfaa mwenye kuku, bodaboda au cherehani, ambaye huona fedha kila wiki. Hayamfai mtu ambaye hatauza kitu chochote mpaka mwaka wa tatu.

Ni katika hali kama hiyo watengenezaji wadogo wa ng'ambo walipoamua kuwaendea wachezaji wenyewe. Raia wa Sweden, Markus Persson, alianza mwaka 2009 kuuza mchezo wake wa Minecraft ukiwa haujakamilika, kwa bei ndogo, akiwaahidi wanunuzi kwamba kila atakachoongeza baadaye watakipata bila kulipa tena. Toleo kamili lilitoka Novemba 2011, na mwaka 2014 kampuni yake ilinunuliwa na Microsoft kwa dola bilioni 2.5. Mwezi Februari 2012 kampuni ya Double Fine ya Marekani iliomba umma dola 400,000 kupitia mtandao wa Kickstarter. Watu zaidi ya 87,000 waliitikia, zikapatikana dola zaidi ya milioni 3.3. Maduka ya michezo ya mtandaoni nayo yakaingilia jambo hili. Duka la Desura liliwapa watengenezaji nafasi ya kuuza michezo ikiwa bado inajengwa, na Steam, lililo kubwa kuliko yote kwa michezo ya kompyuta, likafungua mlango wake wa namna hiyo mwezi Machi 2013.

Msomaji asidhani kwamba haya ni ya matajiri peke yao. Huko Kameruni, mjini Yaoundé, kampuni ya Kiro'o Games ya Ndugu Olivier Madiba ilianza kwa kuwauzia watu wa kawaida hisa ndogo ndogo kupitia tovuti yake. Mwaka 2015 ikaomba tena michango kwa umma, ikapata karibu yuro 50,000 kutoka kwa watu zaidi ya 1,300, na mwezi Aprili 2016 mchezo wake wa Aurion, uliojengwa juu ya hadithi na desturi za Kiafrika, ukawekwa sokoni katika duka la Steam. Michango ile ilihesabiwa kwa sarafu ya Ulaya, kwa sababu Kameruni haimo katika orodha ya nchi ambazo Kickstarter huruhusu wakazi wake kuomba michango. Tanzania haimo. Kenya haimo. Mtanzania anakaribishwa kutoa mchango wake, ila hakaribishwi kuomba.

Hapo ndipo shida ya kwanza ilipo, nayo haitatuliwi kwa kulalamika. Tuseme vijana wanne wa Makambako wanataka kutengeneza mchezo juu ya lori la viazi litokalo Njombe kwenda Dar es Salaam: baridi ya alfajiri wakati wa kupakia, foleni ya mizani, mteremko wa Kitonga, na dalali anayengoja sokoni na bei yake mfukoni. Nani atauchangia? Mfaransa pengine ataupenda kama kitu kigeni. Anayeujua utamu wake ni dereva, utingo, mama wa sokoni na mwanafunzi aliyepanda basi barabara ile. Hao wote hawana kadi ya benki ya kulipia ng'ambo, wala duka la Steam halitaji bei zake kwa shilingi ya Tanzania. Wanacho kitu kingine, nacho ni simu yenye fedha ndani. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, na hasa tangu mitandao ilipoanza kuruhusu wateja wake kutumiana fedha, hakuna harusi, msiba wala ujenzi wa kanisa au msikiti unaochangiwa bila simu. Kikundi cha WhatsApp kikiundwa asubuhi, hadi jioni jina la kila aliyetoa na kiasi alichotoa vimekwisha kuorodheshwa.

Kwa hiyo si kweli kwamba Mtanzania hajui kuchangia. Tena ni jambo la ajabu kumwambia mtu wa Njombe kwamba kuchangisha umma ni maarifa mapya. Katika miaka ya 1980, sekondari za Serikali zilipokuwa chache, Wilaya ya Njombe, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Makambako na Wanging'ombe ya leo, ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizojijengea shule nyingi za sekondari kwa nguvu na michango ya wananchi, na mfuko wa maendeleo wa wilaya ukaundwa kuisaidia kazi hiyo. Mtu alitoa fedha, matofali au siku zake za kazi kwa ajili ya darasa ambalo lilikuwa bado halijaezekwa, na ambalo pengine mtoto wake mwenyewe asingekaa ndani yake.

Lakini ni hapohapo Njombe ambapo mwananchi amepata sababu ya kuuliza maswali. Tarehe 4 Januari 2018, Benki Kuu ya Tanzania ilizifutia leseni benki tano kwa sababu ya upungufu mkubwa wa mtaji, na Benki ya Wananchi Njombe ilikuwa mojawapo. Aliyekuwa ameweka akiba alikuwa na mahali pa kukimbilia, kwani Bodi ya Bima ya Amana ilikuwa ikimlipa kila mwenye amana hadi shilingi 1,500,000. Mwenye hisa hakuwa na bima hiyo. Kisheria yeye ni mwenye mali, na mwenye mali husimama mwisho wa mstari benki inapofilisiwa. Mtu mmoja aweza kuwa alikuwa na akiba na hisa katika jengo lilelile, akazilipa kwenye dirisha lilelile, na bado sheria ikaziona fedha zake kuwa za namna mbili. Ni wangapi walioifahamu tofauti hiyo siku walipokuwa wakilipa?

Kisa hicho hatukukitaja ili kutonesha kidonda. Tumekitaja kwa sababu kosa la kuchanganya namna za fedha ndilo linalotishia kuiua shughuli ya kuchangia michezo kabla haijazaliwa. Mtu anayetoa shilingi 5,000 kwa ajili ya mchezo ambao haujakamilika aweza kuwa anafanya jambo moja kati ya matatu. Huenda anatoa mchango, yaani zawadi, ambao hautarudi hata mchezo ukiuzwa duniani kote. Huenda ananunua, yaani analipia mapema nakala yake moja, na kama nakala haikuja ana haki ya kudai. Au huenda ananunua hisa, na hapo ana haki ya sehemu ya faida na wajibu wa kuibeba hasara. Kila moja ni halali. Haramu ni kumwacha mtu aamini kwamba amefanya moja huku karatasi ikisema jingine, au huku hakuna karatasi kabisa.

Walaghai wa nchi hii hupenda sana utata huo. Wananchi hawajaisahau DECI, iliyowaambia watu kwamba wanapanda mbegu na watavuna, mpaka Serikali ilipoifunga mwaka 2009. Neno mbegu lilichaguliwa kwa hila: halikuwa mkopo, halikuwa akiba, wala halikuwa hisa, na kwa hiyo kila mpandaji alilitafsiri kama moyo wake ulivyotamani.

Huko ng'ambo nako, ambako mambo haya huelezwa kana kwamba yote ni neema, watu wameumia. Mchezo wa Yogventures ulichangiwa zaidi ya dola 560,000 mwaka 2012, ukaachwa mwaka 2014 bila kukamilika. Double Fine yenyewe, pamoja na mamilioni yake, iliona fedha hazitoshi, ikabidi itoe nusu ya mchezo mwezi Januari 2014 na kutumia mauzo ya nusu hiyo kumalizia ya pili, iliyotoka mwaka 2015. Tena ile ilikuwa kampuni yenye uzoefu wa miaka mingi. Na Desura, duka tulilolitaja hapo juu, lilianguka mwezi Juni 2015 wakati kampuni iliyolimiliki ilipotangaza kufilisika. Watengenezaji waliokuwa wamekwisha kuuza michezo yao humo wakabaki wanadai fedha ambazo wanunuzi walikuwa wamezilipa zamani. Mchezaji alitimiza wajibu wake, mtengenezaji alitimiza wajibu wake, na fedha zikapotelea kwa mtu wa katikati.

Juu ya mtu huyo wa katikati tuna neno, kwani Njombe inamfahamu. Kwa miaka mingi mkulima wa viazi amepigana na lumbesa, lile gunia linaloongezwa kilemba juu ya mdomo wake huku bei ikibaki ya gunia moja, ingawa sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Duka la Steam humtoza mtengenezaji dola 100 ili mchezo wake upokelewe, fedha ambazo hurudishwa mchezo ukishaingiza dola 1,000, na kisha hukata asilimia 30 ya mauzo. Tangu mwaka 2018 mchezo uliouza zaidi ya dola milioni 10 hukatwa asilimia 25 kwa mauzo ya juu ya hapo, na uliovuka milioni 50 hukatwa 20. Kwa maneno mengine, kilemba cha gunia hubebwa na mdogo, naye mkubwa hupunguziwa. Duka la Google la simu limegeuza utaratibu huo: tangu mwaka 2021 hukata asilimia 15 katika dola milioni ya kwanza ya kila mwaka. Inawezekana basi kumpunguzia mdogo, wenye maduka wakitaka au wakibanwa.

Hata hivyo tuwe wa haki. Duka kubwa limejifunza mambo ambayo sisi tungeyaiga bila aibu. Tangu mwaka 2015 mnunuzi wa Steam aweza kurudishiwa fedha zake ndani ya siku 14 kama hakucheza zaidi ya saa mbili. Tangu Februari 2025, mchezo unaouzwa ukiwa haujakamilika na ambao mwenyewe ameutelekeza kwa muda mrefu huwekewa tangazo mbele ya mnunuzi, likisema ni muda gani umepita tangu uliposhughulikiwa mara ya mwisho. Hilo ni jambo dogo. Lakini fikiria kama kila mradi wa michango katika kata zetu ungekuwa na ubao mlangoni wenye maneno hayohayo!

Wapo watakaouliza kama haya yote yana uzito wa kumshughulisha mbunge au diwani wakati barabara za vijijini Njombe zinateleza mvua zikinyesha. Tunawajibu kwa mfano wa Tanga. Kati ya mwaka 2017 na 2019, karibu watoto 3,000 katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa huo walipewa vishikwambi vyenye michezo ya kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, katika shindano la kimataifa lililokuwa na zawadi ya dola milioni 10. Washindi wawili waligawana zawadi hiyo mwezi Mei 2019. Kati ya makundi matano yaliyofika fainali, yaliyopewa dola milioni moja kila moja, hakuna lililotoka Tanzania. Watoto walikuwa wetu, lugha ilikuwa yetu, na vijiji vilikuwa vyetu. Hatuwalaumu walioshinda, kwani kazi yao ilikuwa njema na watoto walifaidika. Tunachosema ni kwamba siku shindano kama lile litakaporudi, mtu wa Makambako hataweza kushiriki kwa kusoma tangazo tu. Atashiriki kama amekwisha kutengeneza mchezo mmoja au miwili midogo, akakosea, akarekebisha. Na hiyo miwili ya kwanza hakuna mfadhili atakayeilipia.

Jirani zetu wa Kenya wamekwisha kusogea. Mwaka 2022 walitunga kanuni za kusimamia uchangishaji wa mitaji kwa njia ya mtandao, na anayetaka kuendesha shughuli hiyo sharti apate leseni ya mamlaka yao ya masoko ya mitaji. Hapa kwetu, Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994 inamzuia mtu kuuza hisa kwa umma bila idhini ya mamlaka husika, na ni vizuri iwe hivyo. Lakini sheria iliyotungwa kwa ajili ya kampuni kubwa isitumiwe kuwatisha vijana wanne wanaotaka kuuza nakala 2,000 za mchezo kabla haujamalizika. Hao hawauzi hisa. Wanauza bidhaa, kama yule anayeuza shamba la misindano, nao wanahitaji ofisi yao ya kijiji.

Ofisi hiyo si lazima ijengwe upya. Kampuni za simu zina uwezo wa kuzishika fedha za wachangiaji katika akaunti ya pamoja na kumpa mtengenezaji sehemu kwa sehemu: ya kwanza anapoonyesha mchezo unaochezeka hata kama ni wa dakika tano, ya pili anapofika nusu, na ya mwisho nakala zinapotolewa. Tume ya TEHAMA yaweza kuteua watu wa kukagua hatua hizo, wasiokuwa na ndugu katika mradi. Kiasi kilichotangazwa kisipotimia, kila mtu arudishiwe alichotoa bila makato, kwani si haki mtu aliyetuma shilingi 2,000 kwa nia njema atozwe gharama ya kutuma na gharama ya kurudishiwa. Na Halmashauri za Miji ya Njombe na Makambako, ambazo kila mwaka hutenga fedha za vijana, zingeweza kuanza na mradi mmoja tu, zikaahidi kuongeza shilingi moja juu ya kila shilingi itakayotolewa na wananchi. Mradi ukikosa wachangiaji, halmashauri haitakuwa imepoteza kitu.

Kuhusu vijana wenyewe, tunawaomba wasianze kwa kutangaza ndoto ya miaka mitano. Watengeneze kwanza kitu kidogo kinachochezeka kwenye simu ya bei nafuu, waende nacho stendi, sokoni na shuleni, wakae kimya na kumtazama mtu asiyewajua akikicheza. Akikirudisha baada ya dakika moja, wameokoa fedha za watu wengi. Akikataa kukirudisha, basi wamwombe shilingi 2,000, na ujumbe wa simu utakaomfikia kwa wakala aliye jirani na kituo cha TAZARA uandike bayana, kwa Kiswahili, kama alichokitoa ni mchango, manunuzi au hisa.